Mbwa na Mswaki

Ukimweleza mtu wa kwetu kwamba wako watu wanaowasugua mbwa wao meno kila siku, atacheka, na pengine atakuuliza kama watu hao hawana kazi. Lakini historia inatufundisha kwamba jambo hili si la kuchekwa, kwa maana katika habari za meno mbwa ametangulia kutufaa sisi.

Kusafisha meno ni desturi ya kale. Wazee wetu wa pwani walitafuna kijiti cha mti uitwao mswaki, na jina hilo, lenye asili ya Kiarabu, ndilo tulilolipa burashi ya dukani. Hata hivyo, kwa karne nyingi watu waliijua faida bila ya kuijua sababu. Mwaka 1683 Antonie van Leeuwenhoek wa mji wa Delft, Uholanzi, ambaye kila asubuhi alijisugua meno kwa chumvi, alikwangua ukoga uliosalia na kuutazama kwa lenzi aliyoitengeneza mwenyewe. Akaona vijidudu vingi vikitembea, akawaandikia habari hizo wataalamu wa Royal Society mjini London.

Kuviona vijidudu si kuthibitisha kwamba ndivyo viletavyo ugonjwa. Hilo lilingoja karibu miaka 300. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake wa Aarhus, Denmark, walieleza jinsi watu 12 wenye fizi nzima walivyoacha kupiga mswaki. Katika muda wa siku 10 hadi 21 wote waliugua fizi. Waliporudia mswaki, wakapona.

Likabaki swali zito zaidi: je, ukoga ukiachwa kwa miaka, utakula hata mfupa unaoshika jino? Binadamu hawezi kuachwa aharibikiwe kwa ajili ya somo. Hapo ndipo alipoingizwa mbwa. Mwaka 1975 Lindhe, Hamp na Löe walichapisha matokeo ya jaribio la miaka 4 kwa mbwa wa aina ya beagle. Kundi moja lilisuguliwa meno mara mbili kwa siku, na fizi zao zikabaki nzima. Kundi la pili liliachwa. Fizi zao ziliugua, na wengi wao mfupa ukaliwa.

Basi tumejifunza kwa gharama ya mbwa, nasi hatuna budi kumrudishia faida. Mbwa mzima ana meno 42, na paka 30. Tumia mswaki laini, usugue hasa upande wa nje, na ufanye hivyo kila siku, kwani baada ya siku chache tu ukoga huganda kama jiwe, na mswaki hauuwezi tena. Dawa yetu ya meno haifai: mnyama hajui kutema, na baadhi ya dawa hizo zina zailitoli, ambayo ni sumu kwa mbwa. Iko dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama. Ukiona fizi zinatoka damu, mwone kwanza daktari wa mifugo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mbwa hawezi kusema kwamba jino linamwuma. Mara nyingi ataendelea kula huku akiteseka. Aliyetoa kinywa chake ili sisi tuijue siri ya fizi zetu anastahili dakika mbili za jioni.