Taarifa ya uendelevu: nani anamhesabia nani?

Kila mwaka kampuni ya madini huwaeleza wenye hisa faida na hasara yake. Taarifa ya uendelevu ni hesabu ya yale ambayo daftari la fedha huyaacha: mto uliochafuka, wafanyakazi walioumia, kodi iliyolipwa na aliyeipokea, ahadi walizopewa wanakijiji na zilizotimizwa. Kanuni zinazofuatwa zaidi ni za GRI, shirika lililoanzishwa Boston mwaka 1997. Mwaka 2024 lilitoa kanuni za sekta ya madini, zinazodai mambo mengi yaelezwe mgodi kwa mgodi.

Neno “uendelevu” tumelizoea kupitia “maendeleo endelevu”, lakini kwenye madini linakwaza: kasiterite, yaani mawe ya bati, ikishachimbwa haioti tena. Basi kinachopimwa ni hali ya wakazi na ardhi yao mgodi ukishafungwa. Huko Kampene, katika teritwari ya Pangi nchini Kongo, hayo yanajulikana bila kanuni. Kampuni ya Sominki iliundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni za zamani za Kivu na Maniema; bei ya bati ilipoanguka mwaka 1985, ikadhoofika, na kazi ikabaki kwa wachimbaji wadogo.

Hapo ndipo istilahi inapopwaya. Mchimbaji mdogo haandiki taarifa yoyote. Gunia lake hufungwa etiketi yenye namba karibu na shimo, namba ikaandikwa daftarini, na likifika kwa negosia, yaani mnunuzi wa kati, likafungwa nyingine. Namba hizo husaidia kampuni za mbali kueleza madini yao yametoka wapi, jambo ambalo sheria ya Marekani ya mwaka 2010 inazidai zile zilizo kwenye masoko yake ya hisa. Etiketi hufuata njia ya gunia. Haisemi kama kijiji kina maji safi. Hiyo ni taarifa ya asili ya madini, na kuiita ya uendelevu ni kuipa sifa isiyo yake.

Kwa kampuni zenye kibali cha kuchimba, Kongo ina kipimo kigumu zaidi. Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii na zisaini hati ya ahadi na wakazi. Asilimia 15 ya mrabaha ni ya eneo la utawala lenye mgodi, kama vile sekta au usultani. Msomaji ukiletewa taarifa yenye picha za watoto wakicheka, tafuta kwanza tarakimu hizo, kisha uulize zilipokelewa ofisi gani.