Mji wa Nguo, Mji Wetu

Mji Mkongwe umekuzwa pia na nguo. Karne ya 19 merikani ikiletwa na meli za Salem, Marekani; Wahindi wakauza chini, wakaishi juu. Kuta za mawe na chokaa, dari za boriti za mikoko. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, ndimo siye wengine tulimokulia, jiko moja familia tatu. Ukuta ukimeguka tukiziba kwa saruji. Kumbe saruji hufungia unyevu ndani, chokaa huuacha utoke. Mwaka 2000 UNESCO ikautia mji katika Urithi wa Dunia. Nyumba ngapi sasa hoteli! Wengi wetu tumehamia Ng'ambo. Lakini kanga za sare ya leo tumezinunua Darajani (bei msituulize).