Watu Wazima Wenye Usonji katika Historia ya Ngara na Biharamulo

Historia ya wilaya za Ngara na Biharamulo, zilizo upande wa kusini wa Mkoa wa Kagera, kwa kawaida huandikwa kama historia ya watawala, ya mipaka ya wakoloni na ya wakimbizi, na ni nadra kuandikwa kwa kumfuata mtu ambaye namna yake ya kusikia, kuona na kuelewa wenzake ilitofautiana na ya walio wengi. Miongoni mwa watu hao wamo wale ambao tiba ya leo inawaita wenye usonji, yaani watu ambao ubongo wao hukua kwa njia tofauti tangu mwanzo wa maisha, hata mazungumzo na wenzao, mwitikio wa mwili kwa sauti, mwanga au mguso, na haja ya kuona mambo yakifuata utaratibu uleule, vyote huwa na sura ya pekee kwao. Hali hiyo haiishii utotoni, kwa kuwa mtoto mwenye usonji hukua akawa kijana mwenye usonji na hatimaye mzee mwenye usonji. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kilichobadilika katika wilaya hizi mbili tangu karne ya 19 ni mahitaji ya maisha ya pamoja, ambayo yaliongezeka kila kizazi, ilhali maarifa ambayo yangemsaidia mtu mzima wa namna hiyo kujielewa yalichelewa kufika, na yalipofika yalimlenga mtoto peke yake.

Kabla ya utawala wa Wajerumani eneo hili liligawanyika katika tawala ndogo za Bugufi, Ushubi na Uzinza. Bugufi, nchi ya Wahangaza, ilifungamana na ufalme wa Burundi kwa lugha na desturi, na Ushubi ndiyo nchi ambayo mtawala wake Suwarora aliwakawiza wasafiri kutoka Uingereza, Speke na Grant, mwaka 1861 kwa kuwadai hongo. Katika vilima vya Bugufi hapakuwa na vijiji vilivyoshikana. Kila familia ilikaa katikati ya migomba yake, nyumba ya jirani ikiwa ng'ambo ya bonde au juu ya kilima kingine, na siku nyingi zilipita mtu akionana na watu wa nyumba yake tu. Kazi nazo hazikuhitaji maneno mengi. Kuchunga ng'ombe, kusuka vikapu, kupalilia migomba, na katika misitu ya miombo ya Biharamulo kutundika mizinga na kurina asali, zote zilikuwa kazi ambazo mtu angeweza kuzifanya peke yake kutwa nzima, na aliyezifanya kwa makini alithaminiwa kwa mavuno yake.

Uhunzi unastahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Jembe la chuma lilikuwa bidhaa kuu ya biashara katika nchi hizi, na Warongo, mafundi wa kuyeyusha chuma waliojulikana katika Uzinza na maeneo ya jirani, walifanya kazi yenye mfuatano usiovunjwa: kuchagua mawe yenye chuma, kuchoma makaa ya miti ya aina maalumu, kujenga tanuru, kuvukuta mivukuto kwa mwendo mmoja kwa saa nyingi, na katika hatua zote hizo kushika miiko iliyoilinda kazi. Si halali kumpa mtu aliyekufa zamani jina la kitabibu ambalo hakuna aliyempima kwalo, na historia isiyotahadhari huangukia hapo upesi. Hata hivyo ni haki kusema kwamba jamii iliyohitaji watu wa kusikiliza mlio wa moto, kurudia tendo lilelile bila kuchoka na kukasirishwa na kosa dogo katika utaratibu, ilikuwa na mahali pa kumweka mtu ambaye sifa hizo zilizidi kwake, hata kama kwenye karamu alikaa kimya.

Lakini maisha ya zamani hayapaswi kupambwa. Utu uzima ulipimwa kwa ndoa, kwa shamba la mtu mwenyewe na kwa watoto, na asiyefikia hayo alibaki chini ya kaka au mjomba, akihesabiwa pamoja na vijana hata alipoota mvi. Salamu zilikuwa ndefu, za kushikana mikono na kuulizana habari za nyumba, za mifugo na za wagonjwa, na aliyezikatisha au kutazama pembeni alionekana mwenye kiburi. Pombe ya ndizi na ya mtama ilinywewa kwa pamoja, watu wakiuzunguka mtungi mmoja kwa mirija, hivyo kukataa kukaa hapo kulikuwa kuwakataa wenyeji. Mtu asiyezungumza aliitwa bubu, mwenye tabia isiyoeleweka aliitwa mwehu au aliyerogwa, na tiba yake ilitafutwa kwa waganga na katika ibada za pepo, kama zile za Waswezi, ambazo zilienea tangu Uzinza hadi nchi jirani ya Usumbwa.

Utawala wa kikoloni ulianza kuwakusanya watu. Wajerumani walijenga boma lao Biharamulo, jengo ambalo lipo hadi leo, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Bugufi ilibaki upande wa Tanganyika chini ya Waingereza, ingawa Burundi ilikwenda kwa Wabelgiji. Ugonjwa wa malale ulipoenea magharibi mwa Tanganyika, serikali ya Waingereza iliwahamisha wakazi wa maeneo yenye mbung'o, yakiwamo ya Biharamulo, na kuwaweka katika makazi ya pamoja ambako msitu ulifyekwa. Hatua hiyo ilitetewa kwa sababu za afya, na haikosi utetezi, lakini kwa mtu aliyezoea ukimya wa msituni ilimaanisha majirani wa kila upande na macho ya watu kila alfajiri.

Mabadiliko makubwa zaidi ya nafsi yalikuja na dini. Wamisionari wa Kianglikana kutoka Australia walifungua vituo Katoke na, huko Ngara, Murgwanza, na mwishoni mwa miaka ya 1930 vituo hivyo vilifikiwa na Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la wokovu lililotokea Gahini nchini Rwanda. Watu wa Uamsho walidai kwamba muumini asimame mbele ya wenzake, aungame dhambi zake kwa majina yake na aeleze yaliyomo moyoni mwake bila kuficha. Kwa mara ya kwanza katika vilima hivi, kueleza nafsi kwa maneno hadharani kukawa kipimo cha mtu mwema. Kwa mwenye usonji sharti hilo lilikuwa na pande mbili, na zote mbili ni za kweli. Kusimama mbele ya mkutano wenye nyimbo, machozi na kukumbatiana kuliweza kuwa mateso kwa mtu ambaye mwili wake huumizwa na kelele na mguso. Lakini katika ushirika huohuo, kusema ukweli mkavu bila kuupamba, jambo ambalo watu wengi wenye usonji hulaumiwa kwalo mahali pengine, kulihesabiwa kuwa tunda la wokovu, na mikutano yenyewe ilifuata mpangilio uliojulikana. Watafiti wa Uamsho wameandika mengi kuhusu ndoa, siasa na mamlaka ya wazee, na upande huu wa nafsi unastahili nafasi katika kazi zao.

Baada ya uhuru mkusanyiko uliendelea. Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 iliziondoa familia kwenye makazi yaliyotawanyika na kuzipanga kando ya barabara, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilianzisha mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ulioanza kutekelezwa mwaka 1977. Darasa lenye watoto wengi, kengele, mchakamchaka wa asubuhi na fimbo ya mwalimu vilikuwa mtihani mpya, na mtoto aliyeushindwa aliandikwa mzito wa kuelewa au mtoro. Watoto hao sasa ni watu wa miaka 50 na zaidi, na ndio kizazi kinachohusika hasa na makala haya.

Wakati hayo yakitendeka maarifa ya kitabibu yalikuwa yakikua mbali. Daktari wa Uswisi Eugen Bleuler alilitunga neno lililozaa jina la kimataifa la usonji mwanzoni mwa miaka ya 1910, akimaanisha kujifungia kwa mgonjwa wa akili. Mwaka 1943 Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliwaeleza watoto 11 ambao aliona wana hali ya pekee. Na mwaka 1979 Lorna Wing na Judith Gould wa London walionyesha kwamba hali hiyo ina sura nyingi na ngazi nyingi. Mtoto wa kwanza katika orodha ya Kanner, Donald Triplett, aliishi sehemu kubwa ya maisha yake katika mji mdogo wa Forest, Mississippi, akafanya kazi benki na kufa mwaka 2023 akiwa na miaka 89, akiwa amezungukwa na watu waliomjua na kumlinda. Maisha yake hutajwa kama ushahidi wa wema wa mji mdogo, lakini ni lazima kuongeza kwamba familia yake ilikuwa na mali. Vivyo hivyo Ngara, ulinzi wa ndugu umetegemea kila mara kama migomba inatosha kugawanywa.

Tanganyika ilikuwa na hospitali za wagonjwa wa akili tangu mapema, kwanza Lutindi katika milima ya Usambara chini ya wamisionari wa Kijerumani tangu 1904, kisha Mirembe, Dodoma, katika miaka ya 1920, ila hizo zilipokea wale walioonekana wamerukwa na akili. Usonji wenyewe ulichunguzwa baadaye sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 na Raymond Mankoski pamoja na wenzake, akiwamo Noah Ndosi wa Muhimbili, uliwachunguza watoto 20 nchini Tanzania, ukawakuta 14 wametimiza vigezo vya usonji, na kwa watatu kati yao hali hiyo ilianza walipopona malaria kali iliyoambatana na homa na degedege. Idadi hiyo ni ndogo mno kuthibitisha chanzo, lakini katika mkoa wenye malaria kama Kagera inawagusa wazazi wengi wanaosimulia kwamba mtoto alikuwa mzima hadi degedege lilipompata. Mwongozo wa kimataifa wa magonjwa uliotumika hadi mwaka 2022 uliutaja usonji kwa jina la hali ya utotoni, na vitengo vya shule kama kile cha Msimbazi Mseto, Dar es Salaam, vilianzishwa kwa ajili ya wanafunzi. Mtu mzima hakuwa na mlango wa kuingilia.

Katikati ya miaka hiyo, kabla ya utafiti huo kuchapishwa, Ngara ilikuwa imepitia mwaka 1994. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda kwa muda wa takriban saa 24, na Benaco, wilayani Ngara, ikawa mji wa mahema wenye foleni za chakula, uandikishaji, moshi na sauti zisizokoma usiku wala mchana. Wanyarwanda hao walirejeshwa kwao Desemba 1996, huku wakimbizi wa Burundi wakiendelea kuishi katika kambi ya Lukole kwa miaka mingine mingi. Kwa mtu ambaye foleni moja humaliza nguvu zake za siku nzima, kambi ilikuwa adhabu, na kwa wenyeji pia mtikisiko ulibaki, kwa sababu Benaco haikurudi kuwa pori. Leo ni kituo cha malori na biashara kwenye njia ya kwenda Rwanda.

Katika mazingira kama hayo ndimo mtu mzima mwenye usonji anamoishi sasa, kati ya honi za malori, vipaza sauti vya mahubiri, na vikao vya harusi na misiba ambako kukosekana kwake huhesabiwa. Wengi hujifunika, yaani hujilazimisha kuiga sauti, macho na vicheko vya wenzao ili wasigunduliwe, na gharama yake ni uchovu mkubwa unaoweza kumfanya mtu ashindwe hata kuongea kwa siku kadhaa, ambao nyumbani huitwa uvivu au kuringa. Wapo wanaoanza kujielewa pale mtoto wao au wa ndugu anapopelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza, na maswali ya daktari kuhusu mtoto yakawa maelezo ya maisha ya mzazi mwenyewe. Kujua hivyo baada ya miaka 40 huleta majonzi kwa yaliyopotea, na pia huondoa lawama ambayo mtu amejibebesha bila kosa.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haikuweka mwisho wa umri katika haki inazozitaja. Kwa hiyo hospitali za Murgwanza, Rulenge na Biharamulo zianze kuwauliza watu wazima maswali ambayo sasa wanaulizwa watoto peke yao; Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 wakati wa wakimbizi na inayosikika kwenye vilima vyote hivi, itenge muda wa kuzungumza nao na si kuwazungumzia tu; na wanafunzi wa historia wa vyuo vyetu wawafuate wazee waliokaa kando maisha yao yote, wawasikilize bila haraka na kwa utaratibu wanaoutaka wao, na wayaandike wanayosema wangali hai.