Matasi na mikwaju ya Machakos

Waulize wazee wa Kakamega kipa bora wa Kenya ni nani, watakujibu kabla hujamaliza swali: Mahmoud Abbas. Hakuwa Mluhya. Alikuwa mwana wa Pwani, lakini alilinda lango la AFC Leopards, timu iliyoanzishwa 1964 kwa jina la Abaluhya na ambayo huku kwetu huitwa Ingwe. Na Harambee Stars walipotwaa Kombe la Chalenji la CECAFA mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983, yeye ndiye aliyekuwa golini. Ile ya 1982 ilinyakuliwa Kampala, mbele ya Waganda wenyewe, kwa mikwaju ya penalti. Mashabiki wakambatiza Kenya One.

Ilibidi Kakamega isubiri sana kumpata wa kwake wa kulinganishwa naye. Patrick Matasi alizaliwa Kakamega 1987. Alipitia Ingwe, na mwishoni mwa 2017 alikuwa akidakia Posta Rangers, klabu isiyojaza uwanja. Umri ulikuwa umegonga miaka 30. Mshambuliaji wa umri huo huanza kuulizwa atastaafu lini. Kipa ndiyo kwanza anakomaa, maana kazi yake ni kusoma mchezo kuliko kukimbia, na miaka mingi huipoteza benchi akimsubiri mwenzake aumie au akosee.

Desemba hiyo Kenya ilikuwa mwenyeji wa Chalenji, na mechi ya ufunguzi ikaletwa Bukhungu. Tarehe 3, kocha Mbelgiji Paul Put na vijana wake waliilaza Rwanda 2-0 hapa Kakamega. Kilichofuata kilikuwa kigumu kukitazama, niseme ukweli: sare tasa na Libya, sare tasa na Zanzibar, 1-0 dhidi ya Tanzania Bara, kisha 1-0 dhidi ya Burundi katika nusu fainali, tena baada ya muda wa ziada. Mabao yalikuwa haba, lakini lango la Kenya nalo halikuguswa katika mechi tano.

Fainali ilichezwa Machakos tarehe 17, na Zanzibar walikuwa wamerudi. Ovella Ochieng alifunga mapema. Zikiwa zimebaki dakika chache, Khamis Makame akasawazisha. Katika muda wa ziada Masoud Juma akairudisha Kenya mbele, na Makame yuleyule akasawazisha tena. 2-2. Yakabaki matuta.

Hapo Matasi akaokoa mikwaju mitatu. Mmoja waweza kuuita bahati, na wa pili ukauita bahati ukijikaza. Wa tatu ni ufundi. Kenya ikashinda 3-2 na kutwaa kombe hilo kwa mara ya saba.

Milango ikafunguka. Septemba 2018 alikuwa golini Kasarani Ghana ilipolala 1-0. Akahamia Saint George ya Ethiopia, na 2019 akaenda Misri na Harambee Stars, waliokuwa hawajacheza Kombe la Mataifa ya Afrika tangu 2004. Huko alipangua penalti ya Sadio Mané katika kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili Mané alifunga mara mbili, moja kwa penalti, na Senegal ikashinda 3-0. Ndivyo ukipa ulivyo.

Baadaye alirejea nyumbani kuchezea Kakamega Homeboyz. Akiwa huko, Machi 2025, Shirikisho la Soka la Kenya lilimsimamisha kwa siku 90 kupisha uchunguzi wa tuhuma za upangaji wa matokeo. Tuhuma si hukumu, ila mwandishi wa historia hawezi kuruka ukurasa huo kwa sababu tu mhusika ni wa kwao.

Kuhusu usiku wa Machakos hakuna ubishi. Tangu Matasi aokoe ile mikwaju mitatu, Kenya haijatwaa tena Kombe la Chalenji.