Pleko wa Barabara ya Naivasha

Mimi ni fundi wa vioo hapa Satellite, Nairobi. Kazi yangu ni madirisha, lakini tangu nilipoanza, watu wameniletea pia matangi ya samaki yanayovuja. Ya kwanza kupita mikononi mwangu yalikuwa mazito kupindukia: fremu ya chuma, kioo kimeshikiliwa kwa pati. Pati ikikauka hupasuka, chuma hushika kutu kwenye pembe, na mwenye nyumba huamka akakuta zulia limelowa. Silikoni ndiyo iliyotuondolea taabu hiyo. Kioo kwa kioo, gundi katikati, bila chuma chochote. Fundi yeyote mwenye mkono uliotulia akaweza kuunda tangi kwenye meza yake, bei ikashuka, nami nikaanza kupeleka matangi kwenye vyumba vya kupanga vya Riruta na Kawangware, wakati awali nilikuwa nikiitwa Karen na Lavington tu.

Tangi lilipofika kwa mtu wa kawaida, pleko akafuata nyuma yake. Ni ndugu wa kambare, kwao ni mito ya Amerika Kusini, na wataalamu wa Ulaya walimjua mapema: Linnaeus alimwandika mmoja wao mwaka 1758. Mwilini hana magamba bali sahani ngumu za mfupa. Mdomo uko chini ya kichwa, nao hunata kwenye kioo hata pampu ikivuma, na ukiinama kumtazama kwa nje unaona vijino vikikwangua ukijani. Kwa ajili ya vijino hivyo wauzaji wakamnadi kuwa mfagizi. Mtie mmoja, wakasema, hutasugua kioo tena. Watu wakamnunua kama wanavyonunua sabuni. Hakuna aliyeuliza anakula nini ukijani ukiisha, wala anazaliana vipi.

Jambo hilo limeniuma kwa miaka mingi, kwa sababu pleko anayeuzwa sana, yule ambaye vitabu vinamwita Pterygoplichthys, hununuliwa akiwa na urefu wa kidole na hukua kupita sentimita 40. Ndani ya kioo hazaliani. Dume wake huchimba handaki kwenye ukingo wa udongo, na mayai hutagwa humo, kwa hiyo wanaouzwa hutoka kwenye mabwawa ya kufugia ya Florida na Asia ya Kusini-Mashariki. Sasa mwenye tangi la futi tatu amfanyie nini jitu hilo? Wengi humwonea huruma, wakambeba kwenye ndoo hadi mtoni. Mexico wamelipia huruma ya namna hiyo: katika bwawa la Infiernillo pleko walijaa nyavu za wavuvi wa tilapia hadi uvuvi ukaporomoka, na mahandaki yao yakabomoa kingo. Ziwa la Laguna de Bay huko Ufilipino nalo limejaa hao hao.

Sisi Wakenya tulipaswa kuwa wa kwanza kuelewa hatari hiyo, maana historia ya maji yetu ni historia ya samaki wa kuletwa. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta trauti kutoka Scotland, wakatiwa katika mto Gura, kwenye safu ya Nyandarua. Mbuta aliingizwa Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi mno za fulu, samaki wadogo wenyeji wa ziwa hilo aliowala, zilikuwa zimetoweka. Na barabara hii inayopita mbele ya duka langu imepewa jina la Naivasha, ziwa ambalo karibu kila kiumbe anayevuliwa humo ni mgeni: tilapia aliingizwa 1925, samaki aitwaye bass mwaka 1929 kwa ajili ya wazungu waliopenda kuvua kwa ndoano, kamba wa Louisiana mwaka 1970, kisha samaki aitwaye kapu (carp), aliyeonekana mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwenyeji alikuwa samaki wa aina moja tu, mdogo kiasi cha kuenea kwenye glasi ya chai. Hajaonekana Naivasha tangu 1962. Kila nikilikumbuka hilo husikitika, kwa kuwa samaki wa kimo kile angeishi vizuri kabisa katika tangi dogo la sebuleni. Fulu walipata watu wa kuwaokoa: baadhi ya aina zao zimezalishwa miaka na miaka katika matangi ya Ulaya na Marekani. Yule wa Naivasha hakubahatika.

Ndiyo maana nilipofahamu kuwa kuna pleko mdogo anayezaliana ndani ya kioo, nilimfuata kwa moyo wote. Huyu ni Ancistrus. Hukoma kwenye sentimita 12 hadi 15, na dume aliyekomaa huota ndevu za nyama puani, matawi kwa matawi, hata mtoto mdogo humtambua. Hahitaji ukingo wa mto. Anachotaka ni pango, nami humpa kifuu cha nazi nilichokitoboa tundu la kumtosha yeye peke yake, au kipande cha mwanzi. Humwekea na kipande cha gogo, kwa sababu hukikwangua na kukila. Tango lililokatwa vipande na jani la sukuma wiki lililopitishwa kwenye maji moto ndicho chakula chake cha kila siku.

Maji ya bomba letu yanamfaa kuliko wengi wanavyodhani. Yanatoka Nyandarua, kwenye mabwawa ya Sasumua, lililokamilika 1956, na Ndakaini, lililokamilika 1994, nayo ni maji laini, karibu na yale ya kwao. Nayaacha kwenye pipa lililo wazi usiku mzima klorini itoke. Nikitaka wazae, nabadilisha sehemu ya maji kwa mengine yenye ubaridi kidogo, nao hudhani mvua imenyesha. Jike huingia kifuuni, hubandika mayai ya rangi ya chungwa, kisha huondoka. Dume hubaki. Huziba mlango kwa mwili wake na kupepea mapezi usiku na mchana, maji yenye hewa yapite juu ya mayai. Hutoki na hesabu kamili ukimchungulia kwa tochi, maana hugeuka na kukufunika. Baada ya siku tano hadi saba watoto huanguliwa na kung'ang'ania ukuta wa kifuu, kila mmoja na mfuko wa njano tumboni unaomlisha siku kadhaa, na baba yao hawaachi mpaka watoke wenyewe.

Adui mkubwa wa kazi hii hapa kwetu ni baridi ya Julai na Agosti, na umeme kupotea. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, nchi karibu nzima ilipoingia gizani, mimi na mke wangu tuliyafunika matangi kwa mablanketi, tukawa tunachota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu ili yashike hewa, kwa zamu, hadi asubuhi. Dume mmoja alikuwa na mayai usiku ule. Hakuacha kupepea.

Siku hizi wanunuzi hunijia kutoka Uthiru, Kabiria na hata Rongai. Anayetaka yule mkubwa simuuzii, namweleza habari za Infiernillo na Naivasha, hata kama foleni ya wateja wa madirisha inanisubiri. Na aliye naye tayari, amemshinda, namwambia asimpeleke Mto Nairobi. Amlete hapa. Nina tangi la futi sita nyuma ya duka, nililolijenga kwa ajili yao.