Tasnifu ya Göttingen na Nadharia ya Uthibitisho

Katika miaka ya 1920, David Hilbert na msaidizi wake Paul Bernays walijenga katika Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani, nadharia ya uthibitisho, yaani taaluma inayouchunguza uthibitisho wenyewe kama kitu cha kihisabati, ili ionyeshwe kwamba hisabati haiwezi kuzaa mkinzano. Mwaka 1931 Kurt Gödel aliitikisa nia hiyo kwa kuonyesha kwamba mfumo wa aina hiyo hauwezi kuthibitisha kwa uwezo wake wenyewe kwamba hauna mkinzano, lakini hakuizima. Gerhard Gentzen alikuwa akifanya utafiti wa uzamivu kwa uongozi wa Bernays pale utawala wa Wanazi ulipomwondoa Bernays chuoni mwaka 1933 kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi, na usimamizi rasmi ukamwangukia Hermann Weyl.

Tasnifu iliyonusurika katika dhuluma hiyo ni miongoni mwa kazi adhimu za mantiki. Ndani yake, mtu hudhani A, hufikia B, kisha huiacha dhana ile na kubaki na kauli kwamba ikiwa A, basi B, jinsi hasa wanahisabati wanavyofikiri. Aidha, Gentzen alithibitisha kwamba kila uthibitisho unaopitia kauli ya kati, hatua aliyoiita mkato, unaweza kuandikwa upya bila kauli hiyo, ingawa pengine utarefuka mno. Kwa mbinu zilizokua kutokana na kazi hiyo, mwaka 1936 alithibitisha kuwa hesabu za namba asilia hazina mkinzano, akitumia aina ya udukizi, yaani uthibitishaji unaojenga kila hatua juu ya zilizotangulia, inayovuka uwezo wa mfumo wenyewe, kama matokeo ya Gödel yalivyolazimu.