Anayetunza data yetu tumpime, tusimwamini tu

Ndugu wasomi, mnakumbuka Desemba 30, 2018? Biro za uchaguzi zilihesabu kura, zikaandika PV, mashahidi wakaweka sinyature. CENCO nayo ilituma wachunguzi karibu 40,000 nchini. CENI ilipotangaza matokeo Januari 10, 2019, maaskofu walisema hayalingani na data ya wachunguzi wao. Mahakama ya Katiba iliyathibitisha. Lakini matokeo ya biro kwa biro hayakutolewa, basi raia alikosa cha kulinganisha.

Kenya walipitia shida ya namna hiyo 2017. Mahakama ya Juu iliamuru seva za IEBC zikaguliwe, tume haikutimiza, na Septemba 1 uchaguzi wa rais ukafutwa. Mwaka 2022 IEBC iliweka fomu 34A za vituo kwenye intaneti. Mawakala walikuwa na kopi zao mkononi, na yeyote aliweza kujumlisha mwenyewe. Haikuwa tena lazima kuamini seva.

Siri ni hiyo: shika ushahidi mdogo kabla ya kumpa mwingine data yako. Wataalamu wa kompyuta waliifanyia hesabu. Mwaka 2007 Giuseppe Ateniese na wenzake walijiuliza: faili kubwa ikiwa kwa mtu nisiyemwamini, nitajuaje bado ni nzima bila kuishusha yote? Jibu lao: igawe vipande, kila kimoja ukipe alama ya siri, halafu uliza vipande vichache kwa bahati nasibu. Seva ikipoteza 1% ya vipande, ukiuliza 460 tu utaigundua kwa uhakika wa 99%, hata faili iwe kubwa namna gani.

Sasa siye wa Kindu, wenye kununua mega kwa shida, tunatupa TFC na diploma zetu kwenye wingu halafu tunalala. Tuanze na njia rahisi. Kabla ya kupandisha faili, itolee alama ya SHA-256. Kwenye Windows, certutil inaifanya bila intaneti. Ni herufi na namba 64. Ziandike kwenye daftari, si kwenye wingu lilelile. Siku ukiishusha, itoe tena. Herufi moja ya faili ikiwa imeguswa, alama haitafanana.

Ila alama inaonyesha tu kama faili imeharibika, hairudishi kilichopotea. Juu ya hiyo, weka kopi ya pili kwenye USB.